Kidoti Alichokifuta Mansour

Mansour wa picha ana sifa moja Jang'ombe nzima: hajapata kumtoa bibi harusi mbaya. Chunusi, makovu, weusi wa chini ya macho, vyote huvisafisha kwenye kompyuta dukani kwake Mkunazini mpaka uso ukateleza kama sahani. Mama mmoja aliitazama picha ya bintiye akauliza huyu ni nani, na bado akashukuru.

Mapenzi yake ya pili ni darubini. Ya kwanza ni Nassra, mkewe, mtu wa Paje, ingawa ziko jioni Nassra mwenyewe huutilia shaka mpangilio huo. Baada ya Isha, shuka zikishaanuliwa juu ya paa, Mansour huielekeza darubini kwenye sayari, akafunga kamera pale pa kuchungulia na kurekodi video fupi. Hewa huitetemesha sayari utadhani iko chini ya maji. Kwa hiyo kompyuta huchagua zile picha za video zilizotulia, ikazilaza moja juu ya nyengine mpaka sura ikakaa sawa. Ni kazi ya subira, na mtu huyu, jamani, hata chai hawezi kuisubiri ipoe.

Lakini kitu kimoja kilimkaa rohoni. Picha yao ya harusi, aliyoisafisha kwa mkono wake, Nassra aliifunga kanga akaitia kabatini, na miaka yote hakukubali itundikwe. Mansour alijiambia mwenzake anaogopa husda, akanyamaza, ila kila akiutazama ule ukuta mtupu wa sebule alisononeka. Alitaka mkewe atundike kazi yake, japo moja, kwa ridhaa yake. Akaamua kumpigia picha ya Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote.

"Nassra."

"Naam."

"Njoo uchungulie, kabla sijafunga kamera."

Nassra alichungulia, akenda kukunja shuka, akarudi tena kuchungulia. "Nnaona michirizi," alisema. "Na kidoti cheusi, kama habasoda juu ya mkate. Kizuri."

"Eeh, eeh," alijibu Mansour, naye kainamia nyaya zake, hasikii la mtu.

Kesho yake dukani, picha ilipotulia, alikiona kile kidoti. Vumbi la kioo hilo, akasema, na mkono ukafanya uliyozoea. Magharibi haijaingia alikuwa nyumbani na fremu, nyundo na msumari.

Nassra aliitazama picha. "Kidoti changu kiko wapi?"

"Lile vumbi, mke wangu. Nshalifuta."

"Halikuwa vumbi. Nilipochungulia mara ya pili kilikuwa kishasogea."

Mansour aliiweka nyundo chini. Vumbi la kioo halitembei juu ya sayari. Ndipo alipofahamu: kilikuwa kivuli cha mmoja wa miezi ya Mshtarii, kikipita usoni pake. Wenzake wenye darubini huvizia kivuli kama hicho, na yeye kakipata akakifuta kama chunusi. Alitaka kucheka, akaona Nassra hacheki. Mkono wake ulikuwa shavuni, penye kovu.

"Na mimi ulinifanya hivyo hivyo," alisema taratibu. "Kovu hili nlilipata kwa mafuta ya vitumbua, nimekaa ubavuni mwa mama, mdogo. Mama hayupo tena. Wewe ulinioa nalo. Yule wa kabatini ni mzuri, lakini mimi simjui, na siwezi kumtundika mwanamke mwengine sebuleni kwangu."

Mansour aliichukua fremu yake. Alirudi dukani. Kidoti alikirudisha upesi, kwani picha za asili hazitupi. Kisha akazitafuta zile za harusi ambazo hajazigusa. Akamkuta Nassra wa siku ile, hina mpaka viwikoni, anacheka, na kovu lake liko pale pale. Uso ule ule uliomfanya awe na safari zisizokwisha za Paje. Alijionea haya, akaichapa kama ilivyo.

Nassra aliishika picha ya harusi muda mrefu kuliko ile ya sayari. Akapitisha kidole juu ya kovu.

"Huyu nnamjua," alisema. "Lete msumari."

Mansour alileta miwili.