Kesi ya Mjane wa Kitabuni

Fidèle Sumaili, mtu wa Kabambare, zamani za Wabelgiji alikuwa karani wa tribinali ya shefu, yaani baraza la chifu: wazee wakikata maneno, yeye anaandika. Kiingereza alifundishwa na misionari mmoja mzee ambaye, alipokuwa anarudi kwao, alimwachia sanduku la vitabu vinene vya hadithi, vya siku za malkia Viktoria. Fidèle akavisoma, akakuta vimejaa kesi tupu: wosia, mirathi, yatima walionyang'anywa nyumba.

Basi alipopelekwa Kasongo kufundisha makarani sheria, akawafundisha kwa hadithi hizo, akizigeuza Kiswahili. Direkta, mkuu wa shule, hakupenda.

“Hadithi haiko sheria,” akamwambia. “Kesho nitaikala mu kalasi. Nikiona ni muchezo, unarudia Kabambare kuandika.”

Kesho yake Fidèle alikuwa na mgeni, Mzee Bulaimu, mwamuzi wa kwao. Akamkalisha mbele; direkta akakaa nyuma, kofia yake mezani. Akasoma habari ya tajiri aliyekufa. Mali yote ikaenda kwa mpwa wake, mjane aliyelia sana kaburini akatolewa nje kwenye mvua.

“Mupwa ashindwe!” wanafunzi wakapiga kelele.

“Mungoje,” akasema Mzee Bulaimu. “Huyu mupwa alisema nini?”

“Kitabu hakikumuuliza, baba,” Fidèle akajibu.

“Hee! Munakata maneno ya upande moja? Mumulete.”

Kalasi ikaangua kicheko. “Mzee, ule ni mutu wa kitabu! Hawezi kuja.”

“Asipoweza, ndugu yake anasimama pahali pake. Kwetu iko vile. Ndugu yake ni nani hapa?”

Fidèle akaona direkta anachukua kofia yake. Akajua kazi inaondoka na kofia ile. Lakini hakumkatiza mzee.

“Kasimu, simama. Wewe ni ndugu ya mupwa,” Fidèle akamwambia mwanafunzi mmoja.

“Miye? Ndugu ya mwizi?”

“Hata sura munafanana!” wenzake wakamchokoza.

Kasimu akasimama hivyo hivyo. “Tajiri alipogonjwa, nani alimuosha? Ni mupwa. Bibi alikuwa wapi? Kitabu hakisemi.”

“Uongo!” Alikuwa direkta, kofia mkononi. “Mwanamuke mwenye kulia vile ku kaburi hawezi kuacha bwana yake na ugonjwa!”

Mzee Bulaimu akamgeukia pole pole. “Bwana Direkta, ni wewe ndugu ya mujane?”

Direkta akaitazama kofia, akairudisha mezani.

“Ndiyo, Mzee. Ni miye.”

Wakabishana mpaka kengele, na kesho yake tena. Fidèle akafundisha Kasongo mpaka akaota mvi. Kesi yenyewe, nasikia, haijakatwa.