Bandeji ya Bomba la Moshi

Mwanamke yule aliingia dukani akinyooshea kidole rafu ya juu kabisa, pale ambapo mwenye duka hakupenda mtu apaangalie.

"Kaka, zile bandeji za pikipiki unauzaje?"

Mwenye duka la vipuri, ambaye majirani walimwita Tajiri kwa ubahili wake na si kwa mali, aliinua macho. Zile roli za mkanda wa nyuzi za kioo zilikuwa zikila vumbi tangu alipozibeba kwa tamaa kwenye mnada, akidhani ni mikanda ya kufungia mizigo. Hakuna aliyewahi kuziulizia.

"Zile ni adimu, mama. Zimebaki hizo tu."

"Zimebaki tangu lini? Vumbi lile unaweza kupanda mahindi."

Tajiri alicheka bila kutaka. Akajua leo amekutana na mwenzake.

Mama huyo alikuwa fundi wa kushona viti vya pikipiki. Miaka mingi alikaa na cherehani yake chini ya ngazi za jengo moja, mpaka jengo likavunjwa kupisha barabara. Tangu hapo alizunguka na mkoba wa sindano, akishona uani kwa watu, mvua yake, jua lake. Mume alikuwepo, lakini alikuwepo kama kalenda ya mwaka jana: yuko ukutani, hakuna anayemtazama. Watoto walikula kwa jasho la mama.

"Sitaki uniuzie," alisema. "Nipe kona ya baraza lako, cherehani yangu ikae hapo. Na hizo bandeji nitawafungia madereva mabomba ya moshi. Bandeji uza wewe, ufundi nilipwe mimi."

"Bomba lifungwe bandeji, kwani limevunjika?"

Fundi aliinua pindo la gauni na kuonyesha shavu la mguu. Palikuwa na kovu jeusi, refu kama kijiko. "Muhuri huu nani hana mjini hapa? Unashuka vibaya, bomba linakubusu. Ukilifunga, joto linabaki ndani. Si kwamba linapoa, hapana. Lakini mguu unapata nafasi ya kukimbia."

Tajiri alipima kimoyomoyo, akatoa sharti: mteja wa kwanza akirudi na malalamiko, cherehani ibebwe siku hiyo hiyo.

"Sawa. Na wewe usimuuzie bandeji mwenye bomba lililooza. Mkanda unashika maji, na chuma chenye kutu kitakwisha kabisa."

"Hiyo ni biashara yangu, mama."

"Na jina ni langu, kaka."

Mteja wa kwanza alikuwa dereva mwenye miguu mirefu, wakimwita Twiga. Fundi aliloweka mkanda kwenye ndoo, akavaa glavu maana nyuzi zile zinawasha kuliko upupu, akaanza kuzungusha kutoka chini kupanda kwenye injini, kila mzunguko ukilalia nusu ya mwenzake kama mabati ya paa, ili mvua iteleze. Akavuta, akakaza kwa vibano vya chuma.

"Washa, likaukie hapa hapa. Litafuka moshi mwanzoni, usishtuke. Usipakie mtu mpaka moshi ukatike."

Lakini simu ya Twiga ilikuwa inaita. Alichosikia ni "washa". Akawasha, akaondoka. Aliyekuwa anapiga simu ni mama mkwe wake, akitaka kufuatwa.

Haukupita muda Twiga akarudi akisukuma pikipiki, bandeji imejaa tope, na msafara wa watu nyuma yake. Moshi ulikuwa umechomoza chini ya gauni la mkwe katikati ya barabara. Mkwe kapiga yowe, karuka chini, na muosha magari mmoja, kwa kusaidia, kalimwagia bomba ndoo nzima ya maji machafu.

"Tajiri! Umeniuzia moto!" Twiga alifoka. "Nimemchoma mkwe mimi! Unataka niachwe?"

Tajiri hakuzungusha maneno. "Mama, beba cherehani."

Fundi alibaki amesimama. Hakuwa na ngazi nyingine ya kukaa chini yake, na kurudi kuzunguka na mkoba hakukutaka. "Aliyeungua yuko wapi?" aliuliza. "Nimwone."

Watu wakapisha njia. Mkwe alikuja na kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Nani kafunga lile lidude?"

"Mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hebu sogea, una macho mazuri kuliko mimi. Mguu huu wakati naruka umelalia bomba, nimeuhisi kabisa. Nikajua leo nalazwa. Niangalizie."

Fundi alipangusa tope taratibu. Palikuwa na makovu mawili, yote ya zamani. Kipya kilikuwa wekundu kidogo tu.

"Hakuna hata lengelenge, mama."

"Jamani!" Mkwe aligeuza mguu ili msafara nao uone.

"Lakini mama, ule moshi..." Twiga alianza.

"Wewe nyamaza. Uliambiwa habari za moshi, hukuambiwa?"

Twiga aliangalia tairi la mbele. "Niliambiwa. Ila ulikuwa unapiga simu, mama."

"Kwa hiyo kosa langu?"

Watu walicheka mpaka muosha magari akakaa chini. Mkwe alivaa kiatu chake. "Mwanangu, lifunge upya. Ulimkabidhi mtu ambaye masikio yake ni mapambo. Na kuanzia leo sipandi pikipiki isiyo na bandeji, hata ya huyu aliyeoa kwangu."

Mkwe aliuza vyombo sokoni, na mdomo wake ulifika mbali kuliko redio. Tajiri alilijua hilo. Alikohoa.

"Mama, ile cherehani niliyosema uibebe... uisogeze ndani kidogo, mvua isiifikie."

"Nilikusikia vizuri mara ya kwanza, kaka. Kwa hiyo tupange upya. Lile sharti lako life. Bomba lililooza nikilikataa, limekataliwa. Na kila bomba litamaliza moshi wake hapa barazani, ufunguo wa pikipiki nikiwa nao mimi."

"Moshi dukani kwangu?"

"Ukifuka barabarani unarudi na mkwe."

Wakapeana mikono.

Roli za mnada ziliisha, Tajiri akaagiza nyingine, safari hii akijua anaagiza nini. Kila bomba lililooza analolikataa fundi, yeye humuuzia mwenye nalo jipya, hata siku hizi akiona kutu anatabasamu. Lakini kiti chake cha mchana barazani kimekwenda, na mkewe humvulisha shati mlangoni kwa harufu ya moshi. Fundi amepoteza wateja wa uani waliozoea kufuatwa, na mikono inamwasha licha ya glavu. Cherehani yake, hata hivyo, iko chini ya paa, na watu wakipeana miadi husema, "Tukutane pale bandeji," jambo linalomuuma Tajiri, maana jina la duka alilichora kwa rangi ya bei mbaya.

Juzi fundi ameomba kona ya pili, ya cherehani ya dada yake. Tajiri amekataa, kwa namna ile ile anavyokataa kila bei ya kwanza.