Moto Ndani ya Kijiko

Mpishi wa chang'aa wa nyuma ya machimbo ya mawe, hapa Kitengela, hakuwahi kumpa mteja kikombe kabla hajaonja yeye mwenyewe. Vidole vyake vilinuka moshi na molasi, na ncha zake zilikuwa zimeungua mpaka zikawa ngumu kama kwato. Pombe ikianza kudondoka, alikinga kidogo kwa kijiko, akaiwasha kwa kiberiti, akajifunika leso kichwani ili auone moto vizuri. Ukiwa wa bluu, tunakunywa. Ukiwa wa manjano, hiyo ni sumu, anaimwaga yote hata tukimlilia.

Mwaka wa tisini na tisa macho yake yaliingia ukungu. Akaanza kutuingiza chini ya leso na kuuliza, "Ni bluu?" Nasi wenye kiu tulijibu, "Bluu, mama." Jumamosi moja nilifika peke yangu, sijaonja tone tangu juzi. Moto ulikuwa wa manjano kama kiini cha yai.

"Ni bluu?"

"Bluu, mama."

Akanishukuru, akachukua kikombe, akajimiminia kwanza, kama desturi yake.