Darubini na Mwezi wa Baba

Bodaboda wa kwetu hata umkabidhi yai, atapita kwenye shimo lile lile alilopita jana. Darubini yangu niliizungushia khanga mbili, nikaipakata mwenyewe kutoka kwangu Mwembesongo hadi kwa baba Mlali kama mtoto mchanga, na bado tulipofika lenzi ya mbele ilikuwa imehama. Niligundua jioni ile ile nilipoielekeza kwenye nyota ya kwanza. Nyota ilikuwa na mkia. Nilikasirika mpaka nikakataa chai.

Halikuwa jambo dogo, maana aliyeitaka darubini ni baba. Tangu nikiwa mdogo, yeye ndiye aliyeuangalia mwezi mwandamo kwa niaba ya kitongoji chetu. Ramadhani ikikaribia alisimama uani jua likizama, milima ya Uluguru ikiwa mgongoni kwake na magharibi yote wazi mbele yake. Akisema, "Nimeuona," watu walikwenda kuandaa daku. Mwaka jana aliuona peke yake. Watu walifunga kwa heshima yake, lakini maneno hayakukosekana: ati mzee siku hizi anaona kwa hamu. Yalimfikia. Mwaka huu alinipigia simu, akaniambia nije na ile mashine ninayofundishia wanafunzi.

Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kuutazamia mwezi. Asubuhi nilifunga dirisha la chumba chake, nikaifunika lenzi, na nyuma, mahali pa jicho, nikaweka kifuniko chenye tundu dogo. Unamulika tochi hapo, mwanga unakwenda hadi kwenye lenzi na kukurudia kama vidoti. Lenzi ikikaa sawa, vidoti vinalaliana. Vyangu vilikuwa vimepeana mgongo kama mume na mke walionuniana.

Nikaanza kuzungusha skrubu za ukingoni, nalegeza hii, nakaza ile, kidogo mno. Baba alikaa kitandani akiuliza kama vimekaribiana. Nje ukungu ulikuwa unateremka kutoka mlimani, na giza la chumba lilikuwa zuri, la kusinziasinzia, hata tukajikuta tunanong'ona kana kwamba vidoti vingesikia vikashtuka. Nikianza kusonya, aliniambia, polepole, havikimbii. Akanisimulia jinsi mjomba wake alivyomfundisha kuutafuta mwezi: usiukodolee macho, tazama mbingu tu, utakuja wenyewe. Sijui tulikaa muda gani. Adhana ya adhuhuri ilipolia, vidoti vilikuwa kimoja. Nilimpisha atazame. Akasema anaona mwanga, nami nikaridhika.

Jioni mbingu zilitakata. Jua lilipokwisha kuzama kabisa nikatazama, na mwezi ukawa pale, mwembamba kama ukucha uliokatwa, unatetemeka, umegeuka juu chini kama darubini inavyogeuza kila kitu. Mwili ulinisisimka. Nikamkalisha baba kwenye kigoda. Majirani walisimama kando ya ua.

Alitazama kwa muda mrefu. Nilipiga magoti karibu naye, nikamnong'oneza kwamba upo katikati, hapo hapo katikati. Moyoni nilikuwa namwomba Mungu, baba aseme tu lile neno. Mimi nilikuwa nimeuona, nani angemtilia shaka?

Akainua kichwa. "Lenzi umeiweka sawa?"

"Iko sawa, baba."

"Basi ni macho yangu."

Akasimama, akawageukia majirani, na kwa sauti yake ile ile ya miaka yote akasema, "Mimi sikuuona. Binti yangu kauona."

Hakuna aliyeondoka. Nilichelewa kuelewa kwamba wananingoja mimi. Niliona aibu, niliona uchungu. "Nimeuona," nikasema, na watu wakaanza kutawanyika kwenda kuandaa daku.

Baba akanyoosha mkono, nikaushika, tukaanza kuteremka kwenda msikitini. Mwaka jana njia hiyo aliipita peke yake.