Mgongo wa Picha

Kahongya wa Butembo hajawahi kutoa kabati lenye mgongo mchafu. Baba yake, mzee Syauswa, hakuwa seremala, alikuwa mpishi; lakini ndiye aliyempeleka kwa fundi akiwa na miaka kumi na minne, na mlangoni alimwachia neno moja: mbele ya kabati humfurahisha mnunuzi, nyuma humwonyesha fundi. Kwa miaka thelathini na minane Kahongya amepiga randa mahali ambapo hakuna jicho litakalofika. Siku hizi kazi nyingi ni majeneza, na hata hayo huyasugua msasa upande wa chini, ule unaolala udongoni.

Mzee Syauswa alimpikia Mbelgiji mmoja Mflemi aliyekuwa na shamba la kahawa upande wa Lubero. Mzungu huyo alipoondoka kwa haraka, alimwachia mpishi wake sufuria tatu na picha moja. Picha hiyo imechorwa juu ya ubao, si juu ya kitambaa: upana sentimita sabini na mbili, kimo hamsini na moja. Ni meza yenye samaki wawili katika sahani ya bati, mkate, bilauri, na limau lililomenywa nusu, ganda lake likining'inia ukingoni. Nzi ametua juu ya mkate. Kwa zaidi ya miaka sitini ilitundikwa sebuleni, ikala moshi, na watoto wakabishana kama wale samaki walitoka ziwani Kyavinyonge.

"Bazungu ni batu ya ajabu," Joyeuse, mke wa Kahongya, alizoea kusema. "Samaki iko, mukate iko, na hakuna mutu anakula."

Mwezi wa Novemba, mkwe wao Kakule alikwenda kwenye shamba lake la kakao kule Mbau, ambako waasi huvizia watu mashambani, na hakurudi. Siku ya tatu majirani walileta maiti yake katika turubai. Binti yao Séphora akakimbilia Butembo na watoto wake wawili, na sasa nyumba ya vyumba viwili ikawa na watu tisa. Mteremkoni, chini ya nyumba, palikuwa na kiwanja kidogo cha jirani, Mama Delphine, aliyekuwa akikiuza, naye alikubali kungoja fedha hadi mwisho wa Machi. Kahongya alitaka jambo moja tu duniani: kukipata kiwanja kile, binti yake asirudi Mbau.

Mwezi wa Februari, Timothée, mwalimu wa Kifaransa aliyetumwa na serikali kutoka Kasai, alileta kiti kitengenezwe. Akiwa sebuleni aliiona picha, akasogea hadi pua ikakaribia kugusa nzi.

"Tata Kahongya, hii ni kitu ya zamani sana. Kule Ubelgiji, muji ya Antwerpen, banauzisha picha za namna hii kwa mnada. Batu banakaa, mumoja ananyoosha mukono, mwingine ananyoosha, bei inapanda. Banaziita *nature morte*, vitu vya kufa."

"Morte?" Joyeuse aliruka. "Prof, jina ile hapana kuileta humu ndani. Tuko nayo ya kutosha."

Walicheka wote, hata Séphora, ambaye hakuwa amecheka tangu Novemba.

Timothée aliipiga picha upande wa mbele kwa simu yake, akaituma kwa nyumba moja ya mnada. Jibu lilikuja siku ya tisa. Walisema inaweza kuwa kazi ya Antwerpen, ya karibu miaka mia nne iliyopita. Ikiwa ndivyo, wataiingiza katika mnada wa Juni, na watatanguliza sehemu ya bei. Sehemu hiyo peke yake ilitosha kiwanja na mabati ya nyumba. Waliomba kitu kimoja. Alhamisi jioni Timothée alipiga simu kutoka shuleni: "Banataka kuona nyuma. Nitakuya Jumamosi kupiga picha."

Ijumaa asubuhi Kahongya aliishusha picha na kuigeuza, na aibu ikamshika. Utando wa buibui, masizi, matundu ya wadudu. Kingo zilikuwa zimechongwa nyembamba, tena si sawa, kama za mwanafunzi. Pembeni palikuwa na kikaratasi cha wino wa kahawia, na tone la nta nyekundu iliyopasuka. Katikati palikuwa na alama ya chuma cha moto, kama ya ng'ombe: mikono miwili na kijumba chenye minara. Watu wa mbali waone hivi, waseme imetoka nyumbani kwa seremala!

Alipiga randa kutoka saa mbili hadi saa sita. Mti haukuwa libuyu wala mti wowote aliouzoea; ulikuwa mgumu hata akanoa randa mara tatu. Séphora alimshikia ubao usiteleze. Kikaratasi kilitoka, nta ikatoka, ile mikono miwili ikafifia, ikabaki kivuli, ikaisha. Alinyoosha kingo, akaziba matundu, akapaka vanishi mara mbili. Joyeuse alizoa maranda akawashia moto, wakala maharagi wakizungumza juu ya mahali pa kuweka mlango wa nyumba mpya.

Jumamosi Timothée aligeuza picha, akaisogeza mlangoni penye mwanga.

"Tata, hapa kulikuwa nini?"

"Kulikuwa uchafu tu, Prof. Nilisafisha."

"Kulikuwa kitu imeandikwa?"

"Kikaratasi. Na alama ya moto, mikono mbili na kajumba."

"Sasa viko wapi?"

Kahongya alimtazama mkewe. Joyeuse alisema polepole, "Tulipikia maharagi."

Timothée hata hivyo alituma picha, na barua ndefu ya kueleza. Jibu lilichukua siku nne, naye alilisoma amesimama. Wakaguzi wa mji ule walikuwa wakichoma mikono ile kwenye kila ubao mzuri kabla mchoraji hajaugusa. Karatasi na nta vingeonyesha ilipita kwa nani. Sasa wanaona ubao mpya unaong'aa. Hakuna mnunuzi atakayeamini, nao hawawezi kuiingiza katika mnada. Waliongeza kwamba kazi ya vanishi ni nzuri.

"Uwaambie niliiona kwa macho yangu," Kahongya alisema. "Nitaapa mbele ya padri."

"Niliwaambia, Tata. Kiapo haina nguvu kule."

Machi ikaisha. Mama Delphine alikuja mwenyewe kuomba radhi. Kiwanja kilipata mtu. Jumatatu Séphora alifunga vitu vyake.

"Ngoja kidogo, mama," Kahongya alimwambia binti yake.

"Ningoje nini, Papa? Kakao inaoza, batoto hawasome. Na hapana kujilaumu. Hata mimi nilishika ubao."

Pikipiki iliwachukua wote watatu hadi Beni, na nyingine hadi Mbau. Séphora alipiga simu mara moja tu: mlango ulikuwa umevunjwa, paa lipo. Tangu Alhamisi simu yake haipatikani.

Kahongya aliirudisha picha ukutani, lakini aliitundika ikitazama ukuta. Hawezi tena kuwaona wale samaki. Leo asubuhi ameingia mtu mwenye tope la Oicha, mbele kidogo ya Mbau, kwenye viatu. Amengoja sebuleni, akapitisha kiganja juu ya ule mgongo unaong'aa.

"Kazi safi, fundi. Hata tundu moja haionekane. Unitengenezee sanduku ya maiti ya namna hii."

Kahongya alichukua futi yake ya kupimia.

"Urefu?" aliuliza.