Mjomba Anataka Kilemba cha Mashine ya Gemu Ambayo Haijatoka

Admin, jina langu lifiche, hasira yangu iache kama ilivyo. Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, mkulima wa mahindi huku Misima, Handeni, darasa la saba nilimaliza. Mume wangu yupo ila si mtu wa maneno, maneno ya nyumba hii nayabeba mimi. Nina watoto wanne lakini huyu wa kwanza, jamani, Mungu alimpendelea. Redio iliyokufa anaifufua, sola za kijiji anafunga yeye, na zile pedi za kuchezea gemu watu wanamletea mpaka kutoka Korogwe. Sisemi kwa kuwa ni wangu. Ulizeni.

Kijana akapata mchumba Mnyuzi, binti mpole, akikusalimia goti linagusa chini. Tukaenda kuposa, mimi, mume wangu na mshenga wetu. Mambo ya baba yakaisha vizuri, mkaja wa mama ukaisha, tukafika kwenye kilemba cha mjomba. Kwetu huku mjomba ni mtu mzito, asiposema ndiyo hakuna ndoa. Sasa huyu mjomba ana banda la gemu karibu na stesheni, vijana wanalipia kucheza. Akajikohoza akasema, "Mimi kanzu sitaki, shuka sitaki. Nasikia kuna mashine mpya ya gemu inakuja. Kwa kuwa mkwe wetu ni fundi, kilemba changu ni hiyo."

Mshenga akaniangalia. Kijana wangu hakuwepo, muoaji haendi kwenye posa yake. Mimi nikaona hapa tunapimwa, watu wa Handeni wanaonekana hawana kitu. Nikajibu mbele ya watu wote mkekani, "Mjomba, ikitoka tu, wewe utakuwa wa kwanza Mnyuzi kuiwasha!" Vigelegele vikapigwa. Mlitaka nijibu nini, kwamba mwanangu hawezi?

Tulivyorudi nikamweleza kijana. Akaweka bisibisi chini. "Mama, mmekubaliana bei gani?" Nikamwambia bei hatukutaja, tumetaja mashine. Akashika kichwa. "Mama, hicho kitu hakijatoka. Wenye kampuni wenyewe hawajasema bei. Hayo yote ya kwenye simu ni watu wanabahatisha."

Na kweli wanabahatisha. Leo utasikia itakuwa bei ya simu nzuri, kesho bei ya ng'ombe mzima, keshokutwa ng'ombe na ndama wake. Kijana ananielewesha kwamba vile vidude vya kumbukumbu vinavyokaa ndani vimekuwa adimu, vinagombewa na makompyuta makubwa huko duniani, ndiyo maana watu wanahisi itakuja ghali. Wengine wanasema haitakuwa na mahali pa kuingizia CD, ukipataka unanunua kipande chake pembeni. Yaani mahari inapanda na kushuka kama homa, na mimi nipo shambani napalilia.

Mwanangu kwa adabu zake akampigia. "Shikamoo mjomba. Naomba nikuletee hii iliyopo madukani sasa hivi, mpya kabisa, na pedi nne, nije nikufungie mwenyewe."

"Marahaba. Yaani mama yako aahidi ya kesho, wewe uniletee ya jana? Tena iwe na mahali pa CD, nina sanduku zima hapa. Kama kipande kinauzwa pembeni, leteni na kipande."

Nikampokonya simu. "Mjomba, mtoto hajazaliwa unamchagulia na pua?"

Akacheka, mshenzi yule. "Mkwe, si wewe uliyesema nitakuwa wa kwanza? Au huko Misima ahadi nazo zinaliwa na ngiri pamoja na mahindi?"

Nikamwambia banda lenyewe watu wanakalia ndoo za rangi, anunue viti kwanza. Akakata simu. Nikamtuma mshenga na fedha, thamani ya ng'ombe aliyenona. Zikarudi na maneno: "Ikitoka ghali zaidi mtakuwa mmenipunja, ikitoka rahisi mtasema nimewaibia. Mimi nasubiri mashine." Na ndoa isubiri. Mpaka lini? Hata hiyo tarehe hakuna anayeijua, nayo ni ya kubahatisha! Baba wa binti ukimuuliza anasema mambo ya kilemba hayamhusu.

Sasa leo asubuhi bodaboda imesimama uani. Kashuka binti, na begi. "Shikamoo mama. Nimekuja. Mjomba akisubiri mashine, mimi siwezi kusubiri. Ikitoka itanikuta hapa."

Moyo wangu ulicheka, siwafichi. Nikasema huyu ndiye mkwe! Lakini kijana wangu kakunja uso. "Mama, sitaki kuoa kwa kuiba. Twende tumrudishe, na wewe ukaseme kwenye mkeka ule ule kwamba ulizidisha maneno. Binti akipata mtoto, mtoto akaugua, watasema ni kwa sababu mjomba hakuridhia, na anayelaumiwa atakuwa yeye, si wewe."

Mimi! Nikainamishe kichwa mbele ya mtu anayekalisha watu kwenye ndoo! Lakini nina mabinti wawili nyuma ya huyu, na kaka yangu naye ni mjomba wao. Nikivunja heshima ya mjomba wa watu leo, wangu nitamtetea kwa mdomo gani?

Naandika haya binti yupo jikoni anatwanga kisamvu na wanangu, wanacheka. Simu ya mama yake inaita, sijapokea. Wenzangu mlioozesha, semeni nami kabla jua halijazama: nimrudishe binti nikayale maneno yangu Mnyuzi, au nimtandikie kitanda, mjomba akae na tetesi zake? Mjomba mtukaneni mtakavyo. Mwanangu mwacheni.