Vigoda Nilivyovifungia Stoo

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipokusanya vigoda vya watu walionizidi umri nikavifungia stoo, kisha nikajiona nimefanya kazi ya maana. Leo nikikumbuka nacheka peke yangu. Siku ile sikucheka, maana nilikuwa msimamizi, na nilidhani msimamizi hacheki.

Jana ulikuja hapa kwangu uso umekunjuka, ukaniambia wamekufanya mkuu wa kitengo. Ukanionyesha kwenye simu yako ile programu inayokwambia kila gari la ofisi liko wapi na limesimama dakika ngapi. Nilifurahi nawe, na bado nafurahi. Ila uliposema kuna gari moja linasimama mno upande wa Kakuma na kwamba utalikomesha, vile vigoda vikanirudia kichwani. Basi kaa nikusimulie. Chai bado ipo, na mimi siku hizi sina haraka na mtu.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nimetoka chuo Eldoret na cheti changu kwenye bahasha. Shirika dogo la maji lililokuwa na ofisi hapa Lodwar likaniajiri kusimamia mafundi wa pampu za mkono, zile za visima vya vijijini, kutoka hapa mpaka kupita Kakuma. Walinipa miezi mitatu ya kujaribiwa. Mafundi wangu wakubwa walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Mzee Ebei, Mturkana mwenzangu, mtu mrefu, mkavu, aliyeijua kazi hiyo kabla mimi sijajua kufunga kamba za viatu. Wa pili alikuwa Bahati, Mkongo aliyekuwa akiishi kambini Kakuma, fundi wa mikono miepesi, ambaye hakuweza kuvuta bomba bila kuimba.

Wiki ya kwanza niliwatazama tu. Tukifika kijijini, Mzee Ebei hakugusa pampu. Alishusha kigoda chake cha mbao, ekicholong, kile ambacho mwanamume wa kwetu huenda nacho kila mahali, akikaa anakikalia na akilala anakilazia kichwa. Kila mtu na chake, wala hukikalii cha mwenzako bila ruhusa. Bahati naye alikuwa amechongewa cha kwake. Basi walikaa kivulini, wakasalimia ejok, wakaulizwa habari za njiani, wakauliza habari za mbuzi, za mvua, za wagonjwa. Chai ikaletwa. Saa nzima ikaisha na hakuna hata nati moja iliyofunguliwa. Mimi nikiwa nimesimama kando ya gari na saa yangu mpya mkononi, damu ikinichemka.

Mwanangu, mimi nimezaliwa Kaikor. Baba yangu alikuwa na kigoda, babu yangu pia. Nilijua vizuri kuliko mgeni yeyote kwamba huingii bomani kwa mtu ukaanza kushikashika vitu kabla hamjaulizana habari. Lakini nilikuwa nimesoma, na elimu ikiwa bado mbichi inaweza kumfanya mtu aone haya kwa vitu visivyo na aibu. Niliogopa mkubwa wetu akipita na wageni akute mafundi wangu wamekaa.

Ndiyo maana Jumatatu iliyofuata nikavichukua vile vigoda nikavitia stoo na kufuli juu. Nikawaambia kuanzia leo hakuna kukaa bomani kwa watu, hakuna chai, hakuna hadithi. Tunafika, tunafungua pampu, tunatengeneza, tunaondoka. Bahati akataka kusema neno. Nikamkata, nikamwambia ninachohitaji kwake ni mikono, mengine aniachie mimi. Mzee Ebei aliangalia ule mlango wa stoo, akapanda gari.

Na matokeo yakaja haraka, usifikiri hayakuja. Visima viwili kwa siku vikawa vinne. Fomu zangu zikajaa alama, mkubwa wetu akaniita kunishika mkono mbele ya watu. Nilitembea mjini kifua mbele. Sikutaka kuona kwamba Mzee Ebei sasa alikula chakula chake cha mchana akiwa ameegemea gurudumu, akibadilisha mguu, maana magoti yalikuwa yanamuuma. Sikutaka kuona pia kwamba Bahati hakuwa akiimba tena. Ukimya ule mimi niliuita nidhamu.

Sasa, kulikuwa na kisima kimoja kando ya mto Tarach, si mbali na Kakuma, ambacho watu wake walimtegemea mama mmoja kukitunza. Tulimwita Mama Akai. Pampu yake iliharibika, tukaenda, tukabadilisha mipira ya ndani, ile inayobana maji yapande, tukaondoka chini ya saa moja. Baada ya siku chache ikafa tena. Tukaenda tena, mipira mipya, tukaondoka. Ikafa mara ya tatu. Mkubwa wetu akasema hiki kisima kinatupotezea vipuri. Nikaambiwa niende mara ya mwisho, na kikiharibika tena nitie sahihi kifungwe. Kufungwa maana yake wale akina mama warudi kuchimba mashimo mtoni kwa mikono, wakisubiri maji yajikusanye kikombe kwa kikombe. Nililijua hilo. Karatasi ilikuwa mfukoni mwangu tukienda.

Tulifika jua limeshakuwa kali. Wanawake walikuwa wamepanga mitungi yao ya plastiki, ile ya njano, foleni ndefu, yote mitupu. Bahati akaenda moja kwa moja kwenye pampu na spana. Mzee Ebei akamfuata akichechemea. Mimi nikasimama mahali pangu kando ya gari. Mama Akai akanijia. Hakunisalimia. Alichukua mtungi mmoja kutoka kwenye foleni, akaulaza ubavu mbele ya miguu yangu, akaupiga kofi, ukalia ule mlio wa kitu kisicho na kitu ndani.

"Kaa," akasema. "Haina maji, haitamwagika."

Nikamwambia tuna haraka, tuna visima vingine. Akanitazama kama anavyotazamwa mtoto wa jirani aliyeharibika.

"Nyinyi mnakuja hapa mara tatu, mara tatu mmesimama. Mtu mwenye amesimama ni mtu wa kwenda. Sasa mimi nitamwambia nini?"

Nyuma yake akina mama wote walikuwa wakiningoja, na Mzee Ebei alikuwa ameacha kazi anatazama ardhi, kama mtu anayeona aibu kwa niaba ya mwanawe. Nikakaa. Mtungi wa plastiki ni kikalio kibaya, mwanangu, unabonyea na kuteleza, na mtu mwenye cheti akiukalia anaonekana kichekesho. Mama Akai akasema, "Ejok," kana kwamba ndiyo kwanza nimefika. Nikaitikia. Tukaanza habari upya.

Chai yenyewe ilikuwa ya maji waliyochota mtoni. Ndani ya hizo habari, baada ya mbuzi na baada ya homa ya mtoto, akataja kama kitu kidogo tu kwamba tangu mto ulipofurika, maji ya asubuhi ya kisima huja na mchanga, na kwamba wao huyachuja kwa kitambaa kabla ya kupika. Alisema hivyo huku akinijazia kikombe. Mchanga! Kisima kilikuwa kimejaa mchanga chini, na bomba letu lilikuwa likiunyonya, na mchanga ukiisaga mipira yetu mipya kila mara. Tungeweka hata mipira mia.

Nikamgeukia Bahati. Alikuwa ameshika mpira wa zamani, una mikwaruzo kila upande.

"Chef, mi niliona hii tangu mara ya kwanza," akasema taratibu; chef kwao ni mkubwa wa kazi. "Lakini weye ulisema uko na lazima ya mikono yangu tu."

Sijawahi kupigwa maishani mwangu kofi lililoniuma hivyo. Hakulisema kwa hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Mzee Ebei akaja akachuchumaa karibu nami, magoti yakilia, akaongea Kiturkana ili Bahati asisikie ninavyokaripiwa. Aliniambia kwamba kile kigoda hakikuwa cha kupumzisha matako yake, ingawa matako yake pia ni ya Mungu. Kilikuwa kifaa chake cha kwanza cha kazi, kabla ya spana. Akikaa, watu humwambia pampu inaumwa wapi. Na akishapumzika ndipo macho yake huona. Kisha akaniuliza kama nina la kusema au tuendelee na kazi. Nikamwambia tuendelee.

Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Walivuta mabomba yote juu, wakaondoa moja, wakarudisha yaliyobaki ili mdomo wa bomba ukae juu ya mchanga. Katikati ya kuvuta nikasikia Bahati anaanza wimbo, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, na nikageuza uso nikajifanya natafuta kitu kwenye gari, maana machozi yalikuwa karibu. Maji yakaja ya rangi ya udongo, halafu yakaja meupe. Ule mtungi niliokuwa nimeukalia ndio uliojazwa wa kwanza.

Karatasi ya kufunga kisima niliirudisha Lodwar bila sahihi. Nikaenda kwa mkubwa wetu nikamweleza yote, pamoja na jambo ambalo lilikuwa limenikosesha usingizi: kwenye fomu zangu, kisima kile kibovu kilihesabiwa matengenezo matatu. Kadiri kilivyokufa ndivyo mimi nilivyosifiwa. Nilidhani atanifukuza. Akavuta fomu yangu, akauliza tungeandika nini badala yake. Nikamwambia tusiandike tumetengeneza visima vingapi, tuandike ni vingapi ambavyo bado vinatoa maji tukirudi baada ya mvua. Akakubali, ingawa shingo upande. Kazi hiyo niliifanya mpaka nikazeeka nayo, na kisima cha Mama Akai kilitoa maji miaka yote hiyo, mpaka juzijuzi walipokifungia pampu ya sola.

Stoo niliifungua asubuhi iliyofuata. Sikutoa hotuba. Mzee Ebei alichukua chake, akakipangusa vumbi kwa kiganja, akakitia kwenye gari. Mwezi mmoja baadaye niliona kwenye gari kuna vigoda vitatu. Nikauliza cha tatu ni cha nani, na mzee akaniambia kwamba msimamizi ameteseka vya kutosha na mitungi ya akina mama. Ndicho hiki nilichokikalia. Kimeng'aa kwa miaka, na wewe usikiguse.

Basi nasaha yangu ni hii, na sina nyingine kubwa zaidi. Mtu uliyemwajiri usimchukue mikono ukaacha macho na mdomo wake nje ya geti, maana hiyo mikono peke yake itakutengenezea kitu kile kile kibovu mara tatu na wewe utashangilia. Anayechoka haoni, na anayeona bila kuulizwa atanyamaza, na kimya chake usikiite nidhamu kama nilivyokiita mimi. Ukitaka kujua ofisi yako inafanya vizuri, usihesabu ulichokamilisha leo. Nenda ukatazame kama cha mwaka jana bado kinawafaa watu. Maendeleo ya hapa kwetu yanayosifiwa siku ya uzinduzi ni mengi, nayo nimeyazika mengi. Yaliyodumu ni yale ambayo kuna mtu alikaa kwanza akasikiliza.

Na lile gari linalosimama upande wa Kakuma, kabla hujalikomesha, lipande. Nenda nalo mpaka linaposimama, ushuke, na ukiwekewa chochote cha kukalia, hata kama ni mtungi, ukae.

Akuj, Mungu wetu, akulinde njiani, mwanangu. Akupe afya wewe na hao uliokabidhiwa, mbuzi wako wazae, mvua isikupite. Na siku utakapokosea, maana utakosea, akuletee mtu kama Mama Akai, mapema, karatasi ingali mfukoni.